Papa Sixtus wa Tano na Amri Yake Juu ya Mimba

Mnamo mwaka wa 2010, siku zile za kampeni za kura ya maoni juu ya Katiba mpya, maaskofu na wachungaji wengi waliikataa rasimu kwa mambo mawili. La kwanza ni mahakama ya kadhi, na la pili ni kifungu kinachohusu kuavya mimba. Sisi Waislamu wa pwani tulilisemea sana lile la kwanza kila baraza. La pili tuliliacha likapita, kana kwamba ni la Wakristo peke yao.

Mimi halikunipita. Nina rafiki, mwalimu mstaafu na Mkatoliki, ambaye tumekuwa tukinywa kahawa pamoja Mji wa Kale kwa miaka mingi. Siku moja alinieleza kwamba Kanisa lake halijapata kubadili hukumu yake juu ya mimba tangu mwanzo wa dunia. Kisha akataka kujua vitabu vyetu sisi vinasemaje. Nilibabaika, wallahi. Ikabidi nitafute, na katika kutafuta huko ndipo nilipokutana na mtu ninayetaka kuwasimulia leo, Papa Sixtus wa Tano. Na papa hapa si yule samaki wetu, bali ni mkuu wa Wakatoliki duniani akaaye Roma.

Alizaliwa tarehe 13 Desemba 1521 huko Grottammare, mji mdogo kando ya bahari ya Adriatiki nchini Italia, akaitwa Felice Peretti. Watu wake walikuwa maskini wa shamba. Inasimuliwa kwamba utotoni alichunga nguruwe, kazi ambayo msomaji wangu ataikunjia uso, lakini kwao ilikuwa kama kuchunga mbuzi kwetu. Jamaa yake mmoja alikuwa mtawa wa Kifransisko, na kwa mlango huo kijana akapata kusoma, naye akawa mtawa.

Alipewa upadre mwaka wa 1547 na sauti yake ikampatia jina, hata watu wa Roma wakawa wanafurika kumsikiliza. Mwaka wa 1557 alipelekwa Venice kusimamia baraza la kuwachunguza watu imani zao. Ukali wake uliwachosha wenyeji wakataka aondolewe, na mwaka wa 1560 akarudishwa. Miaka kumi baadaye akawa kadinali. Lakini Papa aliyefuata, Gregory wa Kumi na Tatu, hakumpenda, basi Peretti akajikalia nyumbani kwake na bustani yake. Mwaka wa 1581 mpwa wake akauawa, naye akanyamaza. Wengi walimdhania mzee aliyekwisha nguvu. Kuna kisa kwamba alikwenda kwenye uchaguzi akijikokota kwa mkongojo, na alipochaguliwa tu, mwezi Aprili 1585, akautupa. Kisa hicho sikiapii, ila tabia yake yote imo humo.

Siku hizo Papa alikuwa pia mtawala wa nchi, kama Sultani. Sixtus alizikuta barabara zimejaa majambazi, akawakamata na kuwaua bila huruma, na vichwa vyao vikatundikwa darajani mjini Roma. Alileta maji mjini kwa mfereji mrefu. Mwaka wa 1586 ile nguzo kubwa ya jiwe iliyotolewa Misri zamani ilihamishwa na kusimamishwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro, kwa nguvu za watu mamia na farasi. Yote hayo katika muda wa miaka mitano.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeligeukia suala la mimba. Tarehe 29 Oktoba 1588 alitoa waraka wa amri ujulikanao kwa jina la Kilatini Effraenatam.

Ili uzito wake ufahamike, yafaa kujua hali ilivyokuwa kabla. Kuharibu mimba kulihesabiwa dhambi katika Ukristo tangu zamani. Hapana wakati Kanisa lilipokuhalalisha. Lakini wanazuoni wao, akiwamo yule mkubwa Thomas Aquinas aliyekufa mwaka wa 1274, walifuata rai ya Aristotle kwamba roho haiingii siku ya kwanza. Wa kiume huipata kwa siku 40 hivi, na wa kike kwa siku 80 au 90. (Kwa nini wa kike acheleweshwe, mimi sikuona hoja ya maana.) Aliyeitoa mimba kabla ya hapo alikuwa mwenye dhambi, lakini kisheria hakuwa muuaji. Aquinas huyo alisoma sana vitabu vya Ibn Sina na Ibn Rushd, kwa hiyo tusishangae tukisikia harufu ya nyumba yetu.

Sixtus aliifuta tofauti hiyo kwa mkupuo mmoja. Mimba ya siku yoyote, mwenye kuiharibu aadhibiwe kama muuaji na atengwe na Kanisa. Waliotoa dawa na waliotoa shauri wakawa mamoja na mama mwenyewe. Hata dawa ya kuzuia mimba isishike iliingizwa humo. Tena msamaha wa kutengwa huko haukuwa mikononi mwa padre wala askofu. Ulikuwa kwa Papa peke yake, Roma.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini. Fikiria mwanamke wa kijiji cha mbali, Ureno au Poland, katika zama za kusafiri kwa punda. Amefanya alilolifanya, amejuta, na anataka kutubu. Padre wake hana ruhusa ya kumfungulia. Nadhani Sixtus aliliendea jambo hili kama alivyowaendea majambazi, akaona adhabu ikizidi, tendo litakoma.

Alikufa tarehe 27 Agosti 1590. Watu wa Roma, kwa kuchoka naye, waliiangusha sanamu yake. Biblia ya Kilatini aliyoisahihisha kwa mkono wake mwaka huohuo ilionekana ina makosa, ikaondolewa, na nyingine ikatolewa mwaka wa 1592. Na ile amri ya mimba? Tarehe 31 Mei 1591 Papa Gregory wa Kumi na Nne aliilegeza. Alisema manufaa yaliyotarajiwa hayakuonekana, akairudisha adhabu kubwa kwenye mimba iliyokwisha kuingiwa na roho, na maungamo yakawezekana karibu na nyumbani. Mambo yakakaa hivyo mpaka mwaka wa 1869, Papa Pius wa Tisa alipoiondoa tena tofauti ile katika hukumu ya kutengwa.

Nilimpelekea rafiki yangu habari hizi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema dhambi ilibaki dhambi. Ni kweli, nikamkubalia. Lakini adhabu na hesabu ya siku zimebadilika, na sheria kali kupita zote ilidumu miaka miwili na nusu tu.

Akanidai deni lake. Nikamweleza hadithi ya Ibn Masud iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo maulamaa wengi wamepata humo siku 120 kabla ya kupulizwa roho. Kabla ya siku hizo khitilafu ni kubwa. Wako Mahanafi walioruhusu kwa udhuru, Wamaliki wamebana, na sisi Mashafii hatuna kauli moja. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 1111, alikataza tangu mwanzo kabisa, na akasema ubaya wake huzidi kadiri mimba inavyokua. Nayo Katiba yetu, ambayo kwa ajabu ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, siku aliyofia Sixtus, inasema katika kifungu cha 26 kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inaruhusu ikiwa mtaalamu wa afya ameona uhai au afya ya mama imo hatarini.

Rafiki yangu aliomba jina la kitabu cha Ghazali. Nikamwandikia nyuma ya risiti ya duka: Ihya Ulum al-Din, mlango wa ndoa. Naye akaahidi kwenda kumuuliza padre wake juu ya waraka wa 1591.