Swami Vivekananda: Mtawa aliyeutambulisha Uhindu Marekani
Uhindu hauna mwanzilishi mmoja, na maandiko yake ya kale, Veda, yana umri wa zaidi ya miaka 3,000. Ili tuuelewe, tumwangalie Swami Vivekananda.

Alizaliwa Calcutta mwaka 1863 akiitwa Narendranath Datta, mtoto wa wakili. Baba yake alipofariki mwaka 1884, familia ilitumbukia katika umaskini, naye akaanza kutilia shaka kama Mungu yupo. Imani aliirejesha kwa msaada wa Ramakrishna, kuhani wa hekalu la mungu wa kike Kali huko Dakshineswar, aliyeamini kuwa dini zote humfikisha mtu kwa Mungu yule yule.

Ramakrishna alifariki mwaka 1886. Mwanafunzi wake akawa mtawa, akaizunguka India na kujionea njaa na ubaguzi wa matabaka. Septemba 1893 aliuhutubia mkutano wa dini za dunia mjini Chicago, akifundisha kuwa roho ya kila binadamu ni ya kiungu. Kwake, basi, kumlisha mwenye njaa kulikuwa ibada.

Mwaka 1897 alianzisha Jumuiya ya Ramakrishna, ambayo hadi leo inaendesha shule na hospitali. Alifariki Julai 4, 1902, akiwa na umri wa miaka 39 tu.