Abraham Lincoln na Kura za Illinois

Jina la Abraham Lincoln halina haja ya kutambulishwa. Kila aliyepita darasani amesikia kwamba alikuwa Raisi wa Marekani, kwamba utumwa wa nchi ile ulivunjwa katika zama zake, na kwamba aliuawa kwa risasi. Lakini wengi wetu twamjua Lincoln wa mwisho wa safari. Ama ile miaka minane aliyokaa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Illinois, akiomba kura za wilaya moja tu, hiyo husomwa na wachache. Nasi twaona ndiyo iliyo karibu zaidi na mtu wa mjini, ambaye kila baada ya miaka michache hujiwa mlangoni na waombao kura yake, kisha akabaki akijiuliza: huyu niliyemchagua, ni wangu mimi au ni wa haki?

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa. Akiwa na umri wa miaka saba babake alihamia Indiana, na huko mamake akafariki mwaka 1818. Shule hakuipata, siku zote alizosoma, zikikusanywa pamoja, hazikutimia mwaka. Mwaka 1831, akiwa kijana mrefu asiye na mali wala jamaa wa kumshika mkono, alifika New Salem, kijiji kidogo kando ya mto Sangamon katika Illinois, akawa karani wa duka.

Hata mwaka haukupita tangu kufika kwake, naye akajitangaza kuwa mgombea wa baraza. Katika tangazo lake la mwaka 1832 alitaka mto Sangamon usafishwe ili vyombo vipite, watu wapate elimu, na iwekwe sheria ya kuzuia riba, kwani wakopeshaji wa huko walikuwa wakiwala wanyonge kwa faida isiyo na mpaka. Jambo hili la riba tumelitaja makusudi; tutalirudia mbele.

Yafaa msomaji ajue jinsi kura zilivyopigwa siku zile. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mpiga kura alisimama mbele ya makarani, akataja kwa sauti majina ya wale awatakao, na watu wote wakasikia. Wilaya ya Sangamon ilikuwa na viti vinne, na wagombea walikuwa 13. Lincoln alipata kura 657, akawa wa nane, akashindwa. Miongoni mwa wanne waliopita alikuwamo mhubiri mmoja wa Kimethodisti, Peter Cartwright, ambaye tutakutana naye tena. Lakini katika kituo cha kijiji chake mwenyewe Lincoln alipata kura 277 kati ya 300. Waliomjua walimtaka karibu wote. Walioshindwa kumtaka ni wale wasiomjua. Naye zaidi ya hayo hakuwa na wakati wa kuzunguka, kwani miezi ile alikuwa katika vita dhidi ya wenyeji wa asili walioongozwa na Black Hawk.

Baada ya hapo aliingia ubia wa duka, duka likafa, mshirika wake naye akafa, na deni lote likamwangukia yeye. Alilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Akawa msimamizi wa posta ya kijiji, akapima mashamba ya watu, na kila alikokwenda na kamba yake ya kupimia alijulikana. Mwaka 1834 aligombea tena, akapata kura 1,376 na kuwa wa pili. Kwenda barazani Vandalia, uliokuwa mji mkuu wa jimbo, alilazimika kukopa fedha ili ashone nguo za heshima.

Mwaka 1836 wilaya ilipewa viti saba, na kati ya wagombea 17 yeye aliwatangulia wote kwa kura 1,716. Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha habari yetu. Wajumbe wa Sangamon, wawakilishi saba na maseneta wawili, walikuwa watu wa kimo kirefu wote, hata wakaitwa Tisa Warefu. Kazi waliyotumwa na watu wao ilikuwa moja: mji mkuu uhamishwe kutoka Vandalia uje Springfield. Miji mingine kadhaa nayo iliutaka. Wakati huo huo baraza zima lilishikwa na homa ya maendeleo. Kila wilaya ilitaka reli yake, mfereji wake, daraja lake, na sheria ikapitishwa ya kutumia dola milioni 10 na zaidi, fedha za kukopa. Lincoln na wenzake waliiunga mkono. Wapinzani walidai kwamba Tisa Warefu walikuwa wakiuza kura zao: nipe mji mkuu, nikupe reli. Wanahistoria wangali wakibishana kama kulikuwa na mapatano ya namna hiyo. Lisilo na ubishi ni kwamba tarehe 28 Februari 1837, katika kura ya mzunguko wa nne, Springfield ilipata kura 73 ikashinda, na watu wa Sangamon wakasherehekea.

Sasa na tuangalie jambo lililokwenda sambamba na hilo. Mwezi wa Januari mwaka ule ule baraza lilikuwa limeletewa maazimio ya kuwalaani watu waliokuwa wakihubiri kuondolewa kwa utumwa, na kukiri kuwa mwenye watumwa katika majimbo ya kusini ana haki takatifu juu ya mali yake hiyo. Wawakilishi 77 walikubali. Sita walikataa, na Lincoln alikuwa mmoja wao. Kukataa ni kuinua mkono na kuushusha. Kuandika ni jambo jingine. Tarehe 3 Machi, siku tatu tu baada ya mji mkuu kupatikana, yeye na mjumbe mwenzake wa Sangamon, Dan Stone, waliweka katika kumbukumbu za baraza waraka wenye saini zao wawili, wakisema kuwa utumwa umesimama juu ya dhuluma na ni siasa mbaya. Lakini waliongeza kuwa wahubiri wa kuuondoa wanazidisha ubaya badala ya kuupunguza, na kwamba serikali ya Washington haina uwezo wa kuugusa ndani ya majimbo.

Twaipima vipi amali hii? Wako wanaoisifu, kwani hakuna kura hata moja aliyoweza kuipata kwa waraka ule, na miezi minane tu baadaye, katika mji wa Alton wa jimbo hilo hilo, mhariri Elijah Lovejoy aliuawa na kundi la watu kwa sababu ya kuandika dhidi ya utumwa. Lakini insafu yatulazimu tuangalie tarehe. Kura ya kukataa ilipigwa Januari. Maandishi yakangoja hadi haja ya Springfield ilipokwisha timizwa na hapakuwa tena na mjumbe wa kuudhiwa. Kwa maoni yetu aliijua haki, na aliisema, lakini aliiweka nyuma ya mji wake kwenye foleni. Wala sisi wa pwani si watu wa kumcheka. Nguo ya merikani waliyovaa wazee wetu ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, na soko la Unguja la kuuza binadamu halikufungwa ila mwaka 1873. Huku kwetu sheria iliendelea kuutambua utumwa hata mwaka 1907. Wangapi katika barazani zetu waliandika waraka na kutia saini?

Ama zile reli, msiba haukukawia. Mwaka ule ule wa 1837 biashara ya Marekani ilianguka, mabenki yakayumba, na kufika 1842 jimbo lilikuwa limeshindwa kulipa hata riba ya deni lake. Yule aliyeanza siasa kwa kutaka riba izuiwe akawa mmoja wa waliowatwika watu wa Illinois riba wasiyoweza kuibeba, na deni lilipokwisha kulipwa yeye alikuwa kaburini zamani. Hakujitenga na kosa hilo, lakini pia alilishikilia kupita kiasi, akitetea mpango ule hali wengine wamekwisha ukimbia.

Mwaka 1838 aliongoza tena kwa kura 1,803, ila alipotaka kuwa Spika chama chake kilikuwa na watu wachache na hakupata. Mwaka 1840 alipita kwa kura 1,844, lakini akiwa wa mwisho kati ya watano waliochaguliwa. Desemba ya mwaka huo lilitokea jambo la kuchekesha. Wajumbe wa chama chake walitaka kuvunja idadi ya mkutano ili kuiokoa Benki ya Jimbo, na milango ilipofungwa, Lincoln alitoka kwa kuruka dirishani. Hakufaidi kitu, kwani makarani walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa yumo. Jambo hilo hakupenda kukumbushwa.

Hakugombea tena baraza hilo kwa miaka mingi. Alifanya kazi ya uwakili, akaoa 1842, na mwaka 1846 akachaguliwa kwenda Kongresi huko Washington kwa kumshinda yule yule Peter Cartwright. Huko alikaa kipindi kimoja, akaipinga vita ya Mexico, akarudi nyumbani akidhani siasa imemwisha.

Mwaka 1854 sheria mpya ilifungua nchi za magharibi kwa wenye watumwa, na Lincoln akarudi uwanjani. Watu wa Sangamon walimchagua tena kuwa mwakilishi, lakini maseneta wa Washington siku zile walichaguliwa na mabaraza ya majimbo, na mjumbe wa baraza hakuruhusiwa kuchaguliwa. Basi akajiuzulu, na kiti alichokiacha kikachukuliwa na wapinzani wake. Tarehe 8 Februari 1855, kati ya kura 100 hivi, alianza na 44; mpinzani wake Shields 41; na Lyman Trumbull, aliyechukia upanuzi wa utumwa lakini alitoka chama kingine, kura 5. Wale watano walikataa katakata kumpigia mtu wa chama cha Lincoln. Mizunguko ikaenda, kura zake zikapungua hadi 15, na gavana Matteson, aliyeletwa na upande wa pili, alibakisha kura chache tu ashinde. Hapo Lincoln aliwaambia watu wake wampe Trumbull. Katika mzunguko wa kumi Trumbull akapata 51. Mwenye kura 44 alimwachia mwenye kura 5 ili shauri lisipotee. Mara hii haki haikungojeshwa nyuma ya mtu wala mji.

Mwaka 1858 aligombea useneta na Stephen Douglas, wakajadiliana hadharani mara saba. Hatutaficha kwamba katika majadiliano hayo alikana kuwataka weusi wawe sawa na weupe katika siasa na maisha. Januari 1859 baraza likampa Douglas kura 54 kwa 46. Mwaka 1860 Lincoln alichaguliwa Raisi akiwa na kura pungufu ya arobaini katika kila mia za nchi nzima. Na ajabu ni kwamba wilaya ya Sangamon, aliyoitafutia mji mkuu, ilimpa Douglas kura nyingi kuliko yeye, na mwaka 1864 ikamnyima mara ya pili.

Yaliyofuata yajulikana: vita vya miaka minne, na tangazo la uhuru la tarehe 1 Januari 1863. Tarehe 31 Januari 1865 Kongresi ilipitisha kwa kura 119 dhidi ya 56 badiliko la katiba la kuufuta utumwa. Jimbo la kwanza kulithibitisha, kesho yake, lilikuwa Illinois, kwa kura ya baraza lile lile ambalo mwaka 1837 watu 77 waliutetea utumwa na sita wakakataa.

Alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafa asubuhi yake. Maiti ilisafirishwa kwa gari la moshi hadi Springfield. Tarehe 3 na 4 Mei iliwekwa katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, ndani ya jengo lililoanzwa mwaka ule wa Tisa Warefu, na watu wa Sangamon wakapanga mstari usiku kucha kuja kumwangalia.