Bibi Mfua Nguo na Mafuta ya Nywele

Juma lililopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi hutengeneza mafuta ya nywele jikoni kwake na kuyauza sokoni. Alikuwa ameandika tangazo, akataka nimsahihishie lugha. Sikukuta kosa la sarufi. Maneno yenyewe, hata hivyo, yalikuwa yale yale tuyaonayo ukutani kila uchao: bora, nafuu, njoo ujionee. Mwishoni tu palikuwa na sentensi iliyodai kwamba ujuzi huo aliachiwa na marehemu nyanya yake. Hapo nikamkumbuka Madam C. J. Walker wa Marekani, ambaye aghalabu hatajwi katika masomo yetu ya biashara wala ya insha.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, katika shamba la pamba ambamo wazazi wake walikuwa wametumikishwa utumwani. Yeye ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Uhuru huo haukumletea raha. Alikuwa yatima akiwa na umri wa miaka 7, akaolewa akiwa na 14, na alipotimiza 20 alikuwa mjane mwenye binti mdogo wa kulea. Alihamia St. Louis, walikokuwa kaka zake vinyozi, akafua nguo za watu kwa zaidi ya mwongo mmoja ili binti yake apate kusoma.

Huko ndiko nywele zilikoanza kumtoka. Hakuwa peke yake katika msiba huo. Nyumba za maskini wa wakati huo hazikuwa na maji ya mfereji, kichwa kilioshwa kwa nadra, na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa mengi. Mwenye upara alijifunga kitambaa, akanyamaza. Sarah alijaribu dawa mbalimbali, zikiwemo za Annie Turnbo Malone, mwanamke Mweusi aliyekwisha kuanzisha biashara ya mafuta ya nywele, kisha akawa wakala wake. Mwaka wa 1905 alihamia Denver akiwa na akiba ya dola 1.50, kwa masimulizi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata aliolewa na Charles Joseph Walker, aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti, akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe kwa jina la mumewe. Neno Madam aliliongeza kwa makusudi. Zama hizo Mzungu hakuona haya kumwita mwanamke Mweusi kwa jina la kwanza tu, hata awe bibi wa makamo.

Sasa tazama alivyotangaza. Dawa yenyewe haikuwa muujiza: salfa iliyochanganywa na mafuta mazito, mambo yaliyojulikana zamani. Alichokuwa nacho yeye ni kichwa chake. Alichapisha magazetini picha zake mwenyewe, moja nywele zikiwa fupi na haba, nyingine zikiwa zimeshuka mabegani. Alisimulia aibu yake hadharani, na wafua nguo na wapishi waliosoma matangazo hayo walijiona wao wenyewe. Mawakala wake, wanawake waliopita nyumba kwa nyumba, waliendeleza mtindo huo huo, na wengi wao walipata kipato kilichozidi sana ule ujira wa kufua. Mwaka wa 1910 aliweka makao ya biashara yake Indianapolis.

Mwaka wa 1912 alikwenda Chicago kwenye mkutano wa wafanyabiashara Weusi ulioongozwa na Booker T. Washington. Mwenyekiti huyo hakutaka kumpa nafasi ya kusema. Siku ya mwisho Bibi Walker alisimama bila kuitwa, akaueleza umati kwamba ametoka katika mashamba ya pamba ya Kusini, akapanda hadi beseni la kufulia, kisha jikoni, na kutoka hapo akajipandisha mwenyewe hadi kumiliki kiwanda. Mwaka uliofuata alialikwa rasmi kuhutubia. Waama, sijui tangazo lililopita hilo, na halikugharimu hata senti.

Lakini alikuwa na hadithi ya pili. Alidai kwamba usiku mmoja aliota Mwafrika akimwelekeza mchanganyiko wa dawa, na kwamba baadhi ya viungo viliagizwa kutoka Afrika. Ndoto haina shahidi, nami sithubutu kumwita mwongo. Ninaloliona ni kuwa katika ndoto hiyo Annie Malone hayumo. Malone alilalamika kwamba ameigwa, na mgogoro wa wanawake hao wawili haukusuluhishwa. Inaniuma zaidi kwa sababu Bibi Walker hakuwa bahili. Aliahidi dola 1,000 kwa ujenzi wa YMCA ya Weusi wa Indianapolis, na mwaka wa 1917, mawakala wake zaidi ya 200 walipokutana Philadelphia, walipeleka malalamiko kwa Rais Wilson kuhusu mauaji ya Weusi. Ukarimu wote huo, na bado jina moja likamshinda kulitaja!

Alifariki tarehe 25 Mei 1919 katika jumba lake la Irvington, karibu na New York, akiwa na umri wa miaka 51. Watu walimwita milionea, ingawa mali aliyoiacha ilikadiriwa kuwa chini ya hapo. Malone aliishi hadi 1957, na leo wanaomjua ni wachache mno.

Nirejee kwa mwanafunzi wangu. Mimi namjua tangu utotoni. Kazi hiyo alifundishwa na mama mmoja mwenye saluni aliyemwajiri alipokosa karo, na ambaye bado anauza mafuta yake mtaa wa pili. Kisa cha msichana aliyefagia nywele sakafuni huku akijifunza kwa macho ni kizuri kuliko cha nyanya. Nilimrudishia karatasi yake bila kusahihisha neno, ila pembeni mwa sentensi ile ya mwisho nilimwandikia swali: nani alikufundisha? Hajarudi bado.