Simon Stevin, Karani Aliyegawanya Herufi

Ndugu wahitimu wenzangu, safari hii naomba nafasi nimweleze mtu ambaye tulitumia kazi yake kila siku darasani bila kulijua jina lake.

Simon Stevin alizaliwa mwaka 1548 mjini Bruges, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Wazazi wake hawakuwa wamefunga ndoa. Alianza kama karani wa hesabu kule Antwerp, akahamia Leiden, Uholanzi, mwaka 1581, na miaka miwili baadaye akajiandikisha chuo kikuu, mtu mzima wa miaka 35 hivi.

Mwaka 1585 alitoa kijitabu cha desimali. Hakuzivumbua yeye: al-Kashi wa Samarkand alikwisha kuzitumia miaka zaidi ya 150 kabla. Ila Stevin aliwaandikia wafanyabiashara na wapima ardhi, akataka fedha na mizani vigawanywe kwa kumi. Mnunuzi wa dhahabu Geita anayesoma gramu na nukta zake angeelewana naye mara moja.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa jambo jingine la mwaka huohuo. Mnakumbuka KKS, kigawo kikubwa cha shirika: 84 gawa kwa 30, baki 24, 30 kwa 24, baki 6, 24 kwa 6, hakuna baki, jibu 6. Hiyo ni njia ya Euclid. Stevin alionyesha kwamba njia hiyohiyo inafaa kwa semi za aljebra. Chukua x² + 3x + 2 na x² − 1. Baki ni 3x + 3, yaani x + 1 mara tatu, na x + 1 inaigawa x² − 1 kamili. Basi KKS ni x + 1.

Herufi zikiwa mbili au zaidi, kazi huwa nzito, kwani namba za katikati huvimba vibaya hata kompyuta ikachoka. Dawa ilipatikana miaka ya 1960 na 1970, kwa Collins na Brown wa Marekani. Chukua x² + 3xy + 2y² na x² − y². Weka 1 mahali pa y, unapata x + 1. Weka 2, unapata x + 2. Unaunganisha: x + y. Kisha unahakiki kwa kugawanya. Ndani yake bado ni mgawanyo wa Stevin.

Alikuwa pia mwalimu wa mwanamfalme Maurice, akamtengenezea gari la matanga la kukimbia ufukoni. Tena alishikilia kuandika sayansi kwa Kiholanzi, wakati wasomi walitaka Kilatini, akaunda maneno pale yalipokosekana. Na mwaka 1600 akapanga masomo ya uhandisi Leiden kwa lugha hiyo ya wananchi. Sisi Shinyanga tulijifunza KKS kwa Kiswahili shule ya msingi, tukaingia sekondari tukaianza upya kwa Kiingereza, na wenzetu wenye akili wakaishia hapo. Kwa hili mimi niko upande wa Stevin.

Alifariki mwaka 1620, akaacha mke na watoto wanne. Bruges walimsimamishia sanamu mwaka 1846.