Luigi Broglio: Mwitaliano aliyerusha ‘Uhuru’ kutoka Malindi

Marehemu Profesa Luigi Broglio, afisa wa jeshi la anga aliyezaliwa Mestre, Italia, mwaka 1911, alitafuta mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi kasi ya ziada. Kimilili nayo iko jirani na ikweta, ila roketi hutaka bahari upande wa mashariki ili mabaki yake yasiwaangukie watu. Akachagua Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mitambo ikasimamishwa juu ya majukwaa ya chuma baharini.

Desemba 12, 1970, kikosi chake kilirusha setilaiti ya Marekani ya kunasa eksirei zitokazo kwenye nyota. Iliitwa Uhuru, kwani Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Hapakuwapo wanaanga wa kuifuata na kuitengeneza, kama walivyoitengeneza darubini ya Hubble mwaka 1993. Kila kitu kilipaswa kukaguliwa pale pale jukwaani.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2002. Broglio alikuwa amefariki Januari 2001. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake.