Al-Jazari: Fundi Aliyeipima Elimu kwa Mikono Yake



Ndugu msomaji, hapa Gisenyi baadhi yetu wanafunzi tunasimamia klabu ya watoto kila Jumamosi, baada ya madrasa. Watoto huunganisha matofali ya plastiki, hufunga mota ndogo, kisha huandika programu ya kuendesha roboti. Wazazi wametuuliza, na ni haki yao: je, hii ni elimu, au ni mchezo wa kupoteza wakati? Tumtazame Muislamu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Badi al-Zaman Abu al-Izz Ismail ibn al-Razzaz al-Jazari alinasibishwa na al-Jazira, nchi iliyo kati ya mito ya Dijla na Furati. Karibu mwaka 570 Hijria, yaani 1174 Miladia, alianza kuwatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq katika eneo la Diyarbakir, lililoko Uturuki ya leo. Alimtumikia baba, kisha mwanawe, kisha mwana mwingine, Nasir al-Din Mahmud.

Kazi zake nyingi zingeweza kuitwa michezo. Alibuni saa yenye umbo la tembo: ndani yake bakuli lenye tundu dogo lilizama polepole majini, na kila nusu saa lilivuta kamba, ndege akalia, mpira ukadondoka, na sanamu ya mwendesha tembo ikapiga ngoma. Mfalme alipokuwa hapendi mtumishi kummiminia maji ya udhu, al-Jazari alimtengenezea chombo cha kummiminia chenyewe.

Tuseme kweli: vyombo vyake vingine vilitumika kwenye karamu za ulevi za ikulu. Ufundi haujichagulii matumizi. Mwenye nao ndiye atakayeulizwa kuhusu nia yake. Lakini mikono ileile ilibuni pia mitambo ya kupandisha maji. Mmoja ulikuwa na mitungi miwili na pistoni zilizoendeshwa na gurudumu la maji: moja ikivuta, nyingine inasukuma. Sisi tunaouona mto Sebeya ukizungusha mitambo ya umeme hapa Rubavu hatuhitaji kuelezwa faida ya kuyatumikisha maji.

Siri yake ilikuwa nini? Hakuiamini kanuni yoyote ya ufundi mpaka aijaribu. Aliwasoma waliomtangulia, wakiwemo wana wa Musa wa Baghdad, akaona baadhi ya yaliyoandikwa hayajawahi kujengwa. Yeye alitengeneza kwanza mifano ya karatasi, akapima matundu ya kupitishia maji, na akasugua vali kwa unga mkali wa jiwe mpaka zikazibana bila kuvuja. Huo ndio itqani, kuifanya kazi ikatimia.

Mfalme Mahmud, akihofia elimu hiyo isipotee, alimwamuru aiandike. Mwaka 602 Hijria, sawa na 1206, kitabu kilikamilika: vifaa 50 katika mafungu sita, kila kimoja na michoro na maelezo ya namna ya kukijenga. Hakuficha ufundi wake ili abaki peke yake. Ndiyo maana mafundi wa zama zetu wameweza kuijenga upya saa ya tembo.

Basi mtoto wa Gisenyi ambaye gari lake la matofali limegonga ukuta, akalibomoa, akahesabu meno ya gia na kulijenga tena, yuko katika njia hiyohiyo. Klabu haiondoi nafasi ya Qur'ani, nasi hatuanzi kabla madrasa haijamalizika. Kwa watoto tunataka mambo matatu tu: wajaribu kabla ya kudai, wasione haya kubomoa kilichokosewa, na waandike daftarini walichogundua ili mwenzao aanzie hapo.

Wazazi wetu, karibuni Jumamosi mjionee. Nanyi ndugu wanafunzi wa sayansi, saa mbili za wiki yenu ni sadaka inayowezekana.

Allah awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.