David Bruce na Swali la Mbung'o

Mara hii tunawaletea maisha ya David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka wa 1855.

Mwaka wa 1894 alitumwa Ubombo, kilimani katika nchi ya Wazulu, maana mifugo ilikuwa inakufa na ugonjwa wa nagana. Yeye na mke wake Mary wakaanza kazi na mikroskopu. Kumbe, damu ya mifugo yenye kuugua ilikuwa na vijidudu! Lakini vilitoka wapi? Wenyeji walisema wanyama wa porini wanaharibu majani na maji. Wasafiri walisema ni sumu ya mbung'o.

Bruce hakubishana, alijaribu. Alipeleka farasi wazima bondeni kwenye mbung'o, saa chache tu, bila kuwaacha kula wala kunywa kitu. Wakaugua. Tena akaleta majani na maji ya bondeni, akawapa farasi waliobaki kilimani. Hawakuugua hata kidogo. Mwisho akaleta mbung'o wenyewe kilimani, wakauma mnyama mzima. Akaugua. Angalieni vizuri: kila mara alitenga jambo moja tu. Kama farasi wangekula majani kule bondeni, angejuaje ni kipi kilichowaua?

Mwaka wa 1903 alifika Entebbe, Uganda, wakati ugonjwa wa usingizi ulipokuwa unamaliza watu kando ya ziwa Victoria. Aliomba aletewe nzi kutoka kila upande pamoja na habari za ugonjwa, akaviweka kwenye ramani. Penye ugonjwa palikuwa na mbung'o. Tena mbung'o waliokwisha kuuma wagonjwa wakauma kima, na kima wakapata vijidudu.

Alidhani mbung'o hubeba kijidudu mdomoni tu, kama sindano chafu. Mwaka wa 1909 Mjerumani Kleine alionyesha ya kuwa kinakomaa kwanza mwilini mwa nzi kwa siku nyingi. Bruce akarudia majaribio, akakubali. Alikufa London mwaka wa 1931, siku ya ibada ya mazishi ya Mary.

Sisi wa mwaka wa sita tunaona jambo hili linatuhusu hapa hapa Katoyi. Mtu akiugua ghafla, jirani anatajwa upesi kuwa mlozi, pengine anapigwa. Basi, mbele ya kumshitaki mtu tuulize kwanza: ni maji? Ni chakula? Ni mdudu? Na nani amehakikisha?